Kasri Ndani ya Maji

Kasri la Ahrensburg ni zuri. Naanza na hilo kwa sababu najua nitakayoyasema huko mbele, na sitaki mtu adhani ninayasema kwa chuki. Ni jumba jeupe pe, lina minara minne, mmoja kila pembe, na limezungukwa na maji pande zote. Siku isiyo na upepo unaliona mara mbili: moja limesimama, jingine limelala kichwa chini majini, na bata wanapita juu ya hilo la pili kana kwamba hawajui bei yake. Nimeishi karibu na hapo miaka miwili sasa. Bado nikilifikia pale daraja linapoanza, nasimama kwanza.

Liko kaskazini-mashariki mwa Hamburg, Ujerumani, kiasi cha kilomita 25 kutoka katikati ya jiji. Mimi niko huku kwa mafunzo ya uuguzi, kama vijana wengi wa rika langu (na wewe pia una binamu mmoja huku, usikatae). Siku yangu ya mapumziko napanda treni ya U1, nashuka Ahrensburg West, natembea. Wenzangu wananicheka. Binamu yangu wa Nairobi ndiye pekee anayenielewa, na yeye kwa sababu zake: nilipomtumia picha ya kwanza alijibu, "Manze, hiyo keja ni moto! Enda ukasimame kwa hilo daraja nikuone na gauni." Nilisimama. Hiyo picha imependwa kuliko picha yoyote niliyowahi kuweka mtandaoni.

Kiswahili chetu kina maneno ya kutosha kwa majumba ya wakubwa. Tuna ngome, tuna kasri, tuna husuni, na Kilwa wana magofu ya Husuni Kubwa kuthibitisha. Wajerumani nao wanatenga: Burg ni ngome ya vita, Schloss ni nyumba ya fahari. Ahrensburg ina neno burg ndani ya jina lake lakini ni Schloss. Yaani ni nyumba ya kuishi iliyovaa nguo za askari. Hilo handaki la maji ndilo lililonisumbua tangu mwanzo. Kwetu Mombasa tumekua na Fort Jesus, ambayo upande wa nchi kavu ina handaki pia, lakini kavu, lililochimbwa kwenye jiwe la matumbawe, na unajua kabisa lilikuwa la kumzuia nani. Hapa sikuona. Kuta zenyewe zina madirisha makubwa, kila ghorofa. Nani anajiandaa kwa vita na madirisha kama yale?

Nikatafuta miaka. Wareno walianza kujenga Fort Jesus 1593 na kumaliza 1596, kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Peter Rantzau alianza kasri lake katika miaka ya 1580, na kanisa alilojenga mkabala nalo lilijengwa kati ya 1594 na 1596. Kwa hiyo ni rika moja, hizi nyumba mbili. Siku mafundi wa Mombasa wanakata matumbawe chini ya jua letu, mafundi wa huku walikuwa wanapanga matofali kwenye baridi hii. Tofauti ni kwamba Mreno alijenga kwa hofu, na Rantzau alijenga kwa raha.

Raha yenyewe ilitokana na vita, lakini vya mahali pengine. Ardhi hii ilikuwa ya watawa wa Reinfeld, kisha ikaingia mikononi mwa mfalme wa Denmaki, maana sehemu hii ya Ujerumani ilikuwa chini ya wafalme wa Denmaki kwa muda mrefu. Mfalme Frederik II alikuwa na jemadari aitwaye Daniel Rantzau aliyempigania dhidi ya Waswidi, na mwaka 1567 akamkabidhi vijiji hivi kwa sababu ya deni na shukrani. Daniel hakupata hata nafasi ya kukaa. Aliuawa 1569 kwenye mazingiro ya Varberg. Ndugu yake Peter akarithi, na Peter ndiye aliyejenga.

Alijenga kwa mtindo uliokuwa unapendwa na wakubwa wa eneo hili: nyumba tatu ndefu zimebanwa ubavu kwa ubavu, kila moja na paa lake, halafu minara minne kwenye pembe. Kasri la Glücksburg, huko kaskazini karibu na mpaka wa Denmaki, lilijengwa miaka hiyo hiyo kwa mpango unaofanana, na lenyewe limo ndani ya ziwa kabisa. Ulikuwa mtindo wa wakati, kama vile leo kila anayepata pesa Nairobi anajenga nyumba yenye nguzo nne mbele na vioo vya buluu. Kufikia wakati huo mizinga ilikuwa imeshayafanya mahandaki ya maji kuwa kitu cha kizamani. Jeshi la kweli lingelibomoa jumba lile kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo maji yalikuwa ya nini?

Nadhani yalikuwa ya watu wa karibu. Kijiji kilichokuwa hapo kiliitwa Woldenhorn, na wakulima wake hawakuwa huru. Walifungwa kwenye ardhi: walimfanyia bwana kazi kwa siku alizotaka, hawakuruhusiwa kuhama wala kuoa bila idhini yake, na aliyetoroka angeweza kufuatwa na kurudishwa. Mfumo huo haukufutwa hapa hadi mwaka 1805. Hebu fikiria, miaka mia mbili na zaidi, mtu anaamka asubuhi, anatazama upande ule na kuona kitu cheupe kinaelea. Si ukuta unaomwambia kaa mbali. Ni maji, na daraja moja, na yeye anajua kama daraja hilo ni lake au si lake. Peter Rantzau hakuwa mtu mbaya kwa vipimo vya wakati wake, nisimsingizie. Kando ya kanisa alijenga safu mbili za vijumba vidogo vya wazee maskini wa maeneo yake, na bado vipo, vimepangana kama vyumba vya Majengo, vya kupendeza mno. Bwana alikupa kijumba uzeeni. Alikuwa ameshachukua ujana.

Akina Rantzau wakakaa hadi madeni yalipowashinda. Mwaka 1759 wakauza. Na aliyenunua ndiye aliyenifanya niandike.

Heinrich Carl Schimmelmann alizaliwa 1724 huko Demmin, Pomerania, mtoto wa mfanyabiashara. Hakuwa na jina. Vita vya Miaka Saba vilipoanza 1756 na Prusia ikaiteka Saksonia, yeye ndiye aliyekuwa anauzia jeshi la Prusia chakula. Ghala la vyombo vya kauri vya Meissen, vyombo vilivyokuwa dhahabu nyeupe ya Ulaya, likaangukia mikononi mwa mfalme wa Prusia, na Schimmelmann akalinunua kwa bei ya kutupa. Akavipakia akaja kuviuza Hamburg. Hapo ndipo utajiri ulipoanza. Tajiri wa vita, tungemwita tenderpreneur, maana Wakenya tuna jina la kila kitu. Hamburg, mji wa wafanyabiashara wa heshima, haikumpenda. Basi akaenda nje ya mji na kujinunulia heshima iliyokwisha jengwa, yenye maji kuizunguka.

Baada ya hapo alipanda kama moshi. Denmaki ilikuwa na madeni na ilimhitaji mtu anayejua pesa. Akawa baroni 1762, mweka hazina wa ufalme 1768, na kaunti kamili 1779. Alinunua Wandsbek, alinunua Lindenborg huko Jutland, alinunua jumba Copenhagen. Na mwaka 1763 akanunua kutoka kwa mfalme mashamba ya miwa kwenye visiwa vya Denmaki kule Karibi: Saint Croix, Saint Thomas na Saint John. Pamoja na mashamba alinunua watu waliokuwa wakiyalima. Hesabu inayotajwa ni takriban watu 1,000. Alikuwa mmoja wa wamiliki wakubwa kabisa wa watumwa katika himaya ile.

Mashine yake ilivyofanya kazi ni rahisi kuieleza, na urahisi huo ndio unaoogofya. Alikuwa na kiwanda cha bunduki Denmaki, huko Hellebæk. Wandsbek, kwenye eneo lake, kulikuwa na viwanda vya kupiga chapa vitambaa vya pamba. Bunduki na vitambaa na pombe vilipakiwa kwenye meli hadi Pwani ya Dhahabu, ambako Wadenmaki walikuwa na kasri lao jingine, Christiansborg, pale Osu, Accra. Hapo bidhaa zikabadilishwa na watu. Watu wakavushwa Atlantiki. Meli zikarudi na sukari na pamba, na sukari ikaenda kwenye kiwanda chake cha kuisafishia Copenhagen. Kila pembe ya safari kulikuwa na mfuko wake umefunguliwa. Kwa jumla meli za Denmaki zilichukua zaidi ya watu laki moja kutoka Afrika katika miaka yote ya biashara hiyo. Muwa ukishakatwa haungoji, lazima usagwe haraka kabla maji yake hayajaharibika, kwa hiyo wakati wa mavuno vinu vilizunguka mchana na usiku, na watu walikufa kwa kasi kuliko walivyozaliwa. Ndiyo sababu meli zilirudi tena na tena. Shamba lilikula watu, na uhasibu ulikubali kwamba ndivyo ilivyo.

Faida ikaja hapa. Schimmelmann alibadilisha vyumba vya ndani kwa mtindo wa Rokoko, akapanga upya kijiji, akanyoosha barabara pana zenye miti kutoka kasri hadi uwanja wa duara uitwao Rondeel, ambako njia zinatawanyika kama miale. Ukienda kununua mkate Ahrensburg leo, unatembea ndani ya mchoro wake. Kijiji chenyewe kilikuja kupewa jina la kasri mwaka 1867, Woldenhorn ikafutika.

Nilipoingia ndani mara ya kwanza, mwongozaji wetu hakuficha kitu. Alisema wazi pesa zilitoka wapi. Mtu mmoja kwenye kundi letu alitikisa kichwa, mwingine akanitazama haraka kisha akatazama dari, si unajua ile. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya picha za ukoo. Huyu ni Heinrich Carl. Huyu ni mkewe, Caroline Tugendreich. Huyu mwana, huyu binti, huyu mjukuu. Nilichoona pale hakikuwa utajiri. Utajiri nimeuona, Nyali ipo. Nilichoona ni watu wanaojua wametoka kwa nani. Kasri ni chombo cha kuhifadhia majina. Hiyo ndiyo kazi yake hasa, na maji yale yanalinda kazi hiyo: kwamba miaka mia mbili na sitini baadaye, msichana wa Kisauni asimame mbele ya ukuta na kutajiwa mke wa bwana kwa majina yake mawili.

Na mimi simjui mama wa bibi wa nyanya yangu.

Sisi ni watu wa Kengeleni. Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani, pale kwenye makutano, kuna kengele. Matatu zote zinataja hapo, "Kengeleni shuka!", na wengi wanaoshuka hawajawahi kuitazama. Hapo palikuwa Frere Town. Mwaka 1873 Sultani Barghash alikubali, kwa shinikizo la Waingereza na mjumbe wao Bartle Frere, kufunga soko la watumwa la Unguja, na kuanzia 1875 wamisionari wa Kianglikana wakafungua makazi pale bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kwa watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi. Kengele ilikuwa ya kuwaita na ya kuwaonya, maana waliowateka walikuwa bado wapo jirani. Watu hao walitoka kila upande: Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wangindo. Walipewa majina mapya ya ubatizo. Watoto wao wakaoana, wakawa walimu, makarani, wachungaji. Ukiwauliza kabila, wanakwambia jina la mahali.

Nyanya yangu alikuwa hivyo. "Sisi ni watu wa Kengeleni, basi," na akifika kwenye basi, ujue mlango umefungwa. Shuleni walimu walipotuambia tuandike historia ya koo zetu, wenzangu wa Kigiriama na Kitaita walijaza kurasa. Mimi niliandika kuhusu kengele.

Kwa hiyo mtu akiniambia kasri la Ahrensburg ni habari ya Wajerumani na Karibi, haituhusu watu wa Bahari ya Hindi, namwelewa lakini simkubalii. Ni kweli damu yangu haikupita Christiansborg. Bahari ni nyingine, wauzaji ni wengine. Na hapo ndipo lazima niteremke kwenye U1 kituo kingine, maana reli hii ina ujeuri wake.

Panda treni Ahrensburg kurudi mjini. Utapita Wandsbek Markt. Ukishuka hapo, kando ya kanisa kuna kaburi la Schimmelmann na mkewe, jengo zima la mawe kama hekalu dogo. Mwaka 2006 walimsimamishia sanamu huko Wandsbek, 2006, si 1806, wakimheshimu kama mtu aliyeleta maendeleo. Wanaharakati, wengi wao Waafrika wa Hamburg, wakapinga, na 2008 sanamu ikaondolewa. Barabara yenye jina lake ilibaki. Lakini endelea na treni hiyo hiyo, vuka katikati ya mji, ushuke Ohlsdorf. Hapo kuna makaburi makubwa mno, kama mbuga, na humo amezikwa Salme binti Said, bintimfalme wa Unguja, aliyetoroka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg na kuitwa Emily Ruete. Tulimsoma kama shujaa wa mapenzi. Mwaka 2019 Hamburg iliita kiwanja kwa jina lake, mwanamke, mhamiaji, wa dini nyingine, kila kitu kilikuwa sawa. Halafu watu wakafungua kitabu chake cha kumbukumbu cha 1886 na kusoma alivyoutetea utumwa wa nyumbani kwao, na jina likaondolewa. Reli moja, makaburi mawili: aliyenunua watu huko na aliyehudumiwa na walionunuliwa kwetu. Nilisimama Ohlsdorf nikihesabu miaka. Salme alizaliwa 1844. Watu wangu, au wazazi wa watu wangu, walikuwa njiani wakati yeye anajifunza kupanda farasi kwenye mashamba ya karafuu. Sikuweka ua. Sikutema mate pia. Nilisikia baridi tu nikarudi kituoni.

Kuna wanaosema tusiwahukumu wa kale kwa macho ya leo. Ni hoja nzuri mpaka ukutane na Matthias Claudius. Huyu alikuwa mhariri wa gazeti la Wandsbek, gazeti lililotoka kwenye ardhi ya Schimmelmann na kwa baraka zake, kati ya 1771 na 1775. Mwaka 1773 alichapisha shairi ambamo anayesema ni Mwafrika kwenye shamba la miwa. Bwana wa eneo ana mashamba ya miwa, na jirani yake anaandika hivyo, kwenye gazeti la hapo hapo, yeye akiwa hai. Kwa hiyo walijua. Macho ya leo hayahitajiki.

Hata mwanawe alijua. Ernst Schimmelmann alikuwa waziri wa fedha wa Denmaki na mmiliki wa mashamba yale yale, mtu wa vitabu, mmoja wa waliompa mshairi Schiller posho ya miaka mitatu alipokuwa mgonjwa. Yeye ndiye aliyeandaa amri ya 16 Machi 1792 ya kupiga marufuku biashara ya watumwa, na Denmaki ikawa nchi ya kwanza ya Ulaya kufanya hivyo. Wadenmaki wanajivunia. Ila amri ilianza kazi 1803. Miaka kumi ya katikati ilitolewa ili wenye mashamba wajaze hisa, na serikali ikawakopesha pesa za kununulia watu, hasa wanawake, ili wazaliane na meli zisihitajike tena. Utumwa wenyewe ulidumu kwenye visiwa vile hadi 1848, watu wa Saint Croix walipoamka wenyewe na kumlazimisha gavana kutangaza uhuru. Sijui nimwite Ernst mwema au nini. Nimejaribu mara kadhaa. Ninachokiona ni mtu mwenye dhamiri na daftari la hesabu, na daftari likishauriwa kwanza.

Msomaji wa Nairobi anaweza kuniambia hajawahi kulisikia jina hili. Amelisikia. Kwenye kile kitabu cha Karen Blixen kuhusu shamba lake la Ngong, kuna kisa kifupi cha Kaunti Schimmelmann anayekutana na maonyesho ya wanyama yanayozunguka Hamburg, akabishana na mwenye wanyama kuhusu fisi na Mungu. Kisa hicho kimo ndani ya kitabu cha Kenya, na hakisemi neno kuhusu miwa. Kaunti ni mtu mwenye mawazo tu. Nilikisoma nikiwa kidato cha tatu na nikampenda.

Familia ilishikilia kasri hadi 1932, pesa zilipokwisha, na tangu 1938 ni makumbusho. Miaka ya 1960 wakapigia hapo filamu za upelelezi kutoka riwaya za Edgar Wallace, kwa hiyo wazee wa huku wanalijua kama nyumba ya wauaji wa kubuni. Siku hizi watu wanafungia ndoa humo. Mwenzangu wa wodini alifunga yake pale mwezi wa tano, akanialika, nikaenda. Nilivaa kitenge. Tulipiga picha darajani na nilicheka kwa dhati, maana bibi harusi alikuwa amependeza na keki ilikuwa tamu. Kwa nini nisicheke? Nilipoulizwa na binamu kama sikuona vibaya, nilimwambia maji yale yalichimbwa ili watu kama sisi tusivuke, na mimi nimevuka na sahani mkononi. Lilikuwa jibu la kujisifu kidogo. Usiku nililiona ni jepesi.

Kazini kuna mama mmoja wa miaka tisini na kitu. Huniita Schwester, yaani dada, ndivyo wazee wa huku wanavyowaita wauguzi, kama kwetu tunavyosema sista. Ukutani kwake kuna picha moja tu, ya nyumba ya mbao. Alitoroka Pomerania na mama yake 1945, mtoto wa miaka kumi na moja, miongoni mwa wakimbizi wengi waliojaa jimbo hili mwisho wa vita. Kila kitu kingine kilibaki. Nilimwambia Schimmelmann naye alikuwa wa Pomerania. Alicheka mpaka akakohoa. "Yeye alikuja na mikokoteni ya vyombo," alisema, "sisi tulikuja na sufuria." Kisha akaniuliza, "Na watu wako wewe, Schwester, walitoka wapi?"

Nilimweleza kengele. Nilimweleza majahazi, na majina mapya. Kijerumani changu hakikutosha, nikachora ramani kwenye karatasi ya kupimia shinikizo la damu. Hakunipa pole. Aliuliza tu kama kanisa liliandika vitabu vya ubatizo, maana kwao vitabu vya kanisa ndivyo vilivyomsaidia kumpata shangazi yake. Maswali ya vitendo, ya mkimbizi.

Jioni hiyo nilifungua tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Denmaki. Mwaka 2017 waliweka mtandaoni kurasa takriban milioni tano za nyaraka za visiwa vile, bure. Nilipitisha kurasa za orodha za mashamba, mwandiko wa kujipinda, watu wamepangwa kwa safu. Si wangu wale, lakini majina yao yapo, hata kama ni majina waliyopachikwa. Mtu wa Saint Croix anaweza kukaa usiku kucha akatafuta. Nikamtumia mjomba ujumbe wa sauti: je, vitabu vya ubatizo vya Frere Town viko wapi, na kuna aliyewahi kuvitazama kwa ajili yetu?

Alijibu siku ya pili, nyuma yake nasikia pikipiki na mwadhini. "Mwanangu," alisema, "nyanyako alivitazama. Miaka ya themanini, mimi ndiye niliyempeleka kwa baiskeli." Nikausikiliza mara tatu. Alimpata bibi yake humo. Jina la ubatizo, mwaka, na kwenye nafasi ya mahali alipotoka mwandishi alikuwa ameandika neno moja, Nyasa. Nyanya alimuuliza mchungaji Nyasa ni wapi, na mchungaji akamwambia ni ziwa, mama, ndiyo maana ya neno lenyewe. Mjomba anasema alifunga kile kitabu, akapanda nyuma ya baiskeli, na hawakulizungumza tena.

Nimemwomba aende akapige picha ukurasa huo. Amesema Jumatatu, mvua ikikatika.